Nepi, Pancha na Kilomita Mia na Hamsini

Jumatatu, 8 Septemba

Nepi ishirini na mbili leo. Nimezihesabu wakati naanika, maana kuhesabu ndiyo burudani niliyobakiwa nayo. Kulwa kumi, Doto kumi na mbili. Doto kazaliwa dakika saba nyuma ya mwenzake, lakini kwenye ishu hii yeye ndiye kaka.

Kamba ya uani imejaa mashuka ya Monica. Sita! Na kamba ni ya wapangaji wawili, yeye na sie. Sikumwambia kitu. Sie watu wa Pwani hatugombani ovyo. Nilimpakata Doto, nikamwambia kwa sauti ya kufika dirishani kwamba mwanangu, ukikua usije ukawa mtu wa kuanika mashuka sita kama una gesti. Doto akacheka. Dirisha la Monica likafungwa. Ujumbe umefika.

Saa tano likapita gari la matangazo, nyuma limebeba mashine ya kufulia. Nyeupe. Imefungwa utepe mwekundu kiunoni. Nikatoka mbio na povu mikononi. Jumapili kuna mbio za baiskeli, hapa Tegeta mpaka Kiwangwa na kurudi, kilomita mia na hamsini. Wenye baiskeli nyembamba za kisasa wana zawadi zao. Lakini kuna kundi la baiskeli za kazi, zile zenye keria na madigadi, na wa kwanza wa kundi hilo anaondoka na mashine.

Mume wangu Mashaka anasambaza mikate kwa baiskeli, Tegeta mpaka Mbezi Beach, kila alfajiri, mwaka wa sita huu. Mapaja yake ni magogo mawili. Nimemwandikisha kabla hajarudi nyumbani.

Aliporudi nikampa habari pamoja na maji ya kuoga. Akauliza kama na yeye ana sauti katika jambo hili. Nikamwonyesha viganja vyangu, vilivyochubuka kwa sabuni toka mapacha wazaliwe. Akaviangalia. Akachukua ndoo akaenda kuoga. Huyo kakubali.

Habari mbaya ya jioni: Monica naye kamwandikisha Albano wake. Albano ni mchonga vinyago, anabeba mpingo kwa baiskeli mpaka Mwenge. Mapaja yake sijayaangalia. Nasikia ni makubwa.

Jumanne, 9 Septemba

Nina mpango. Gari la msaada! Mbio za maana mpandaji anafuatwa na gari lenye spea, maji na mtu wa kumpigia kelele. Kaka yangu Nurdin ana bajaji. Nyuma nitakaa mie na mapacha, kushoto pampu, kulia chupa ya chai. Nurdin anasema bajaji yake ikikutana na kilima huku imebeba mama mnene inazimika. Nikamwambia mie si mnene, nimezaa mapacha. Kuna tofauti.

Saa tisa kikao cha washiriki, uwanja wa shule. Mashaka alikuwa kalala, nikaenda mie. Refa mkuu ni Mzee Abdulrahman, mwalimu mstaafu wa hesabu, kwao Bagamoyo. Filimbi shingoni, miwani kwenye ncha ya pua. Nikampa shikamoo ya kuinama kabisa. Refa ni refa.

Akasoma kanuni kama anasoma majina ya waliofeli. Kanuni ya nne: mpandaji ajitegemee. Abebe tyubu yake, pampu yake, maji yake na njaa yake. Asisaidiwe na gari, pikipiki, bajaji, ndugu wala jirani. Atakayesaidiwa anaongezewa nusu saa kwenye muda wake.

Alipofika kwenye neno bajaji alinitazama. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu Nurdin alikuwa ameegesha getini, na kwenye kioo amebandika karatasi: GARI LA MSAADA LA MASHAKA.

Nikanyoosha mkono kuuliza kama wanaonyonyesha wana kanuni yao. Hawana.

Jumatano, 10 Septemba

Ajitegemee? Haya, ajitegemee. Nikamwambia Mashaka anionyeshe anavyoziba pancha.

Hajui!

Miaka sita juu ya baiskeli na hajui. Ikipata pancha anaisukuma mpaka kwa fundi Anselmo pale njia panda, anakaa kwenye benchi, anaongelea mpira mpaka baiskeli inapona. Nimeolewa na abiria.

Nikaenda kwa Anselmo mwenyewe, Doto mgongoni, Kulwa kwenye benchi la wazungumzaji. Ndani ya saa moja nimeijua kazi. Njiani hakuna beseni la maji la kutafutia tundu, kwa hiyo tyubu unaijaza upepo unaiweka karibu na shavu, shavu litakuambia. Unasugua na msasa. Unapaka gundi. Halafu unangoja mpaka ukigusa haishiki kidole. Ndiyo ubandike kiraka na ubonyeze. Anselmo anasema wanaume wengi wanafeli kwenye kungoja. Nikamwambia hilo halikuhitaji fundi.

Jioni nikamfundisha Mashaka. Akabandika gundi ikiwa mbichi. Mara tatu. Kiraka cha tatu kilinata kwenye nywele za Kulwa, imebidi nizikate. Faida yake: sasa hata Nurdin anaweza kuwatofautisha mapacha.

Mashaka akasema nikalale, ataendelea mwenyewe. Nililala kabla hajamaliza kusema.

Alhamisi, 11 Septemba

Kanuni ya tisa! Kwa nini hakuna mtu anayesomaga mpaka kanuni ya tisa?

Nimeisoma wakati nanyonyesha. Inasema mpandaji ruksa kununua chakula au kifaa kwenye biashara yoyote njiani, mradi biashara hiyo iwe wazi kwa watu wote kwa bei moja. Yaani mke hawezi kumsaidia mume. Lakini mama ntilie anaweza kumuuzia mteja. Sasa mie ni nani? Mie ni mama ntilie, kuanzia Jumapili asubuhi.

Meza nitaiweka Kiromo, upande wa kurudi, pale njaa inapomkamata mtu kikwelikweli. Uji wa ulezi, vitumbua, machungwa yaliyomenywa. Pembeni tyubu moja na pampu, kama bidhaa.

Nikampigia Mzee Abdulrahman. Shikamoo tatu katika simu moja. Akasema biashara ni biashara, hana neno, ila mnunuzi lazima anunue. Kisha akarudia, taratibu, kama mtu aandikaye ubaoni, kwamba lazima anunue. Nikasema sawa mzee.

Vitumbua vyangu mie vinageukaga chapati. Nimemwomba mama mkwe, Bi Hamisa wa Chamazi, aje akaange. Kakubali papo hapo. Aliuliza kitu kimoja tu, kwamba hao watu wa baiskeli huwa wanaondoka wameshiba au wanaondoka hivihivi.

Ijumaa, 12 Septemba

Bi Hamisa kafika. Kaja na kikaango chake, ndoo ya mchele uliolowekwa, na maswali kuhusu nywele za Kulwa. Nikasema fasheni. Hakuridhika.

Nimechungulia maandalizi ya Monica. Aibu. Kamfungia Albano mihogo na karanga kwenye mfuko. Albano kachonga vijiti viwili vya mpingo vya kubandulia tairi. Basi! Hamna meza, hamna bajaji, hamna mpango wowote. Nikawahurumia mpaka nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia Kulwa, tukiwa mlangoni, kwamba kuna wanawake wanawapeleka waume zao kwenye mbio kama wanawapeleka jela.

Monica akatoka na mwiko mkononi. Akaniambia kwao Masasi mtu akiwa na neno anamwambia mwenyewe usoni, hampitishii kwa mtoto wa miezi minane. Nikamwambia mie sijamsema mtu, naongea na mwanangu, au kuongea na mwanangu nako kunaombewa kibali? Akamwangalia Kulwa. Akasema pole, mtoto, una kazi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimepima mlango kwa khanga. Mashine itapita, ila lazima kitanda kisogee. Mashaka akauliza kitasogea kwenda wapi, chumba chenyewe ni hiki. Maswali ya mtu asiyefua.

Nikiwa nimelala mchana na watoto, kafua nepi zote. Zote! Kazianika bila kuzikamua, uani pakawa ziwa. Nilisimama pale nikamtazama mume wangu anavyojisikia fahari, nikampenda sana. Alipoenda kupaka mnyororo grisi nikazianua, nikazikamua, nikazirudisha kimyakimya.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni. Beseni jipya. Nitaeleza.

Saa kumi na mbili asubuhi wakaanza. Mashaka na kofia ngumu ya kuazima, tyubu kavaa begani kama mgambo na mkanda wake. Nilimuwekea sarafu mfukoni, nikamwambia ukifika kwenye meza yangu unalipa kama mteja mwingine, hunijui, sikujui. Akasema sawa dada. Tukapita na bajaji tukatangulia Kiromo.

Saa tatu meza ikawa imesimama. Wale wa baiskeli nyembamba walipoanza kurudi walinunua kama wako sherehe. Wakalipa bila kuuliza. Nikawa mama ntilie kamili, mpaka nikasahau nina mume.

Saa saba na kitu nikamwona. Anaongoza baiskeli za kazi! Peke yake! Albano hata vumbi lake halionekani. Akashuka, akambusu mama yake mkono. Bi Hamisa akamjazia bakuli la uji. Mashaka akatoa sarafu, akainyoosha.

Bi Hamisa akaitazama ile sarafu kama mtu aliyewekewa mende kwenye kiganja. Akairudisha mfukoni mwa Mashaka. Mashaka akaitoa. Akairudisha. Nyuma yao bodaboda ikasimama, akashuka Mzee Abdulrahman. Nikamkonyeza mama mkwe mpaka jicho likauma. Hakunitazama. Akasema:

"Nimzae mie, nimnyonyeshe mie, leo nimuuzie uji?"

Mzee Abdulrahman akasema kwa adabu kwamba wengine wamenunua, huyu akipewa bure ni msaada, na msaada ni nusu saa. Bi Hamisa akamuuliza kwao wapi, na ni mtoto wa nani. Akajieleza. Kumbe Bi Hamisa kamjua mama yake, walichezaga ngoma pamoja. Akamuuliza kama marehemu aliwahi kumlipisha chakula. Refa akavua miwani akaifuta.

Basi Bi Hamisa akatoa hukumu yake: ale kila mtu bure, walio mbele warudishiwe hela zao na walio nyuma wasilipe, asiwepo wa kupendelewa. Nikamwona Mzee Abdulrahman anapiga hesabu kichwani. Akasema kanuni inataka bei moja, na sifuri nayo ni bei.

Tumepona! Dakika moja tu nilifurahi. Kwa sababu Bi Hamisa alisimama barabarani na mwiko, anawakaribisha wote. Albano akatokea, kachoka, mihogo yake imekwisha toka Bagamoyo, uso kama gunia. Ndani ya dakika tano alikunywa mabakuli matatu na kula vitumbua saba. Rangi ikarudi. Nikahesabu vitumbua vile kimoja kimoja. Akasema ahsante mama. Bi Hamisa akamwongezea cha njiani. Na Mashaka naye haruhusiwi kuondoka mpaka chakula kishuke, mama kasema. Wakaondoka pamoja, magurudumu sambamba.

Tukafunga meza tukafuata. Kufika Mapinga, namwona Mashaka kando ya barabara, baiskeli miguu juu. Pancha, na ile tyubu ya begani kumbe alishaitumia huko Kiwangwa. Mzee Abdulrahman kasimama hapohapo, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani. Albano hayupo, Mashaka alishamwacha nyuma, lakini hakuwa mbali.

Nurdin akaegesha upande wa pili. Nikakaa ndani ya bajaji nimeshika pampu, haina kazi. Mashaka kaitoa tyubu. Kaishika mikononi. Anaitazama. Anaitazama tu! Miaka sita ya benchi la Anselmo naiona usoni pake. Mashine yangu inaondoka, viganja vyangu vinaniwasha, na mume wangu kasimama na jua lile amekunja nyusi kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Sikuvumilia. Nikamsimamisha Kulwa kwenye siti, nikapaza sauti:

"Kulwa mwanangu, usikurupuke. Kwanza weka shavuni, usikilize upepo. Ukishaona, sugua. Paka gundi, halafu tulia, baba. Tulia mpaka isishike kidole."

Kulwa akapiga chafya.

Upande wa pili Mashaka akainua tyubu shavuni. Akasugua. Akapaka. Akangoja! Akagusa kwa kidole, akangoja tena. Akabandika, akabonyeza, akarudisha tairi, akajaza upepo. Albano alikuwa ameshaonekana kwenye kona. Mashaka akaruka juu akaondoka. Nilikuwa nalia na kunyonyesha kwa pamoja.

Mzee Abdulrahman akaangalia saa. Akaandika. Akavuka barabara. Akasema Kulwa ana bahati, miezi minane na anafundishwa pancha. Nikasema watoto wa siku hizi mzee, hawajambo. Akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, bibi yangu mie alikuwa Mzaramo. Nimesemwa kupitia paka mpaka nikaoa. Akisemeshwa mtoto, namjua anayeambiwa."

Nusu saa.

Mashaka kafika Tegeta wa kwanza kwenye baiskeli za kazi. Kamwacha Albano dakika nne. Watu wakambeba juujuu. Halafu Mzee Abdulrahman akafungua daftari lake, watu wakamshusha taratibu. Mashine kapewa Albano. Zawadi ya pili: beseni kubwa la plastiki na katoni ya sabuni ya unga. Naapa wamefanya makusudi.

Nyumbani nikamwambia Mashaka kila kitu kuhusu Kulwa na refa. Nilitegemea akasirike. Akaniangalia kwa huruma, mtu aliyetoka kuendesha kilomita mia na hamsini ananihurumia mie.

"Mama Kulwa, nilikuwa najua. Jumatano ulipolala nilibandika viraka kumi na moja. Pale nilikuwa natafuta tundu kwa macho kwanza."

Akaenda nyuma ya mlango akaleta tyubu kuukuu. Nilidhani ni takataka, nimefungia pazia la mlango kwa siku nne. Viraka kumi na moja, vimenyooka kama vifungo vya koti.

Nikakaa. Kisha nikamkanda miguu mpaka akaanza kusinzia. Nikamwambia siku nyingine ukijua kitu sema. Akasema siku nyingine ukiniona nimenyamaza, na wewe nyamaza humo kwenye bajaji.

Jumatatu, 15 Septemba

Nepi ishirini na nne. Rekodi.

Mashine imeingia kwa Monica. Vijana wanne. Kitanda chao kimesogea mpaka mlango unafunguka nusu, Albano anatoka kwa ubavu. Nimeisikia ikizunguka toka saa mbili, inanguruma taratibu kama mtu aliyeshiba. Kamba ya uani nimeachiwa yote, mashuka yake bado yanazunguka. Hainifurahishi kama nilivyodhani.

Saa nne nilikuwa bombani, nimempa Monica mgongo. Akatoka na kigoda, akakaa mlangoni na mwanae Agustino wa miaka mitatu. Monica wa Masasi, wa kusema usoni! Akasema, kwa sauti ya kufika bombani:

"Agustino, hivi wale majirani wenye mapacha wakileta nepi zao Jumatano na Jumamosi, mashine itaoza?"

Agustino akasema haiozi.

Sikugeuka. Nilishindwa kugeuka, macho yalikuwa yamejaa machozi, ya sabuni. Nikamwambia Doto kwamba kuna watu Mungu kawaumba na moyo mpana, na mashuka yao sita ni sawa tu. Monica akamwambia Agustino waje na sabuni yao. Nikamwambia Doto sabuni tunayo katoni nzima.

Mchana Mashaka karudi, nikampa habari. Akafurahi. Akasema basi, mambo yameisha vizuri, tumepata jirani, yeye kajifunza pancha, na mie bila shaka nimejifunza la kwangu. Akala, akalala.

Nimejifunza, ndiyo. Nimekaa nikafikiri sana leo wakati nanyonyesha.

Desemba kuna mbio nyingine, Chamazi mpaka Mkuranga na kurudi. Baiskeli za kazi zipo. Zawadi ni jokofu. Nimeshamwandikisha Mashaka, ataambiwa akiamka. Kosa la Mapinga nimelipata lilipo: ni Kulwa. Mtoto ni binadamu, lazima refa amshuku. Paka naye marefa wameshamzoea. Nimempigia Bi Hamisa simu aniletee jogoo. Awe mkubwa, mtulivu, asiyeogopa bajaji.